Zamu Ambayo Haikuandikwa

Siku niliyoingia ndani ya hori la ng'ombe na mtoto mgongoni sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimetoka hospitali ya Isiolo jana yake, Kendi akiwa bado na plasta kichwani pale walipomtoboa wakitafuta mshipa wa kumwongeza maji, na nilikuwa nimesimama kwenye ua wa kisima cha misheni tangu jua lichomoze. Nilikuwa na mtungi mmoja. Zakayo, katekista aliyeshika ufunguo wa injini, akatoka kibandani akijifuta mikono kwa kitambaa cha grisi, akaniambia yale yale aliyoniambia wiki zote zilizopita: leo ni siku ya ng'ombe, nisubiri wamalize, kisha nichote kitakachobaki horini. Nikamuuliza kama yeye ameshawahi kunywa kitakachobaki horini. Akasema, "Mama Kendi, usinipeleke huko. Mimi nafuata ubao." Akaunyooshea mkono ubao uliofungwa kwa waya kwenye seng'enge. Ubao ule niliujua kuliko yeye. Nikaweka mtungi chini, nikakunja leso, nikavuka ukuta wa simiti, nikakaa ndani ya hori. Lilikuwa kavu, maji hayakuwa yamefunguliwa. Nikamshusha Kendi mgongoni nikampakata kama niko sebuleni kwangu.

Zakayo alidhani nimeugua. Alinisihi kwa Kimeru, kwa sauti ya chini, nitoke, watu wanaangalia. Nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu, waangalie. Wachungaji walicheka kwanza, halafu wakaacha kucheka, kwa sababu ng'ombe walianza kusukumana nyuma na hakuna aliyetaka kufungua maji juu ya mwanamke na mtoto. Ndipo akaja Mzee Guyo na fimbo yake. Yeye ndiye aliyekuwa aba herega, yaani baba wa zamu, mtu anayepanga nani anyweshe lini. Alisimama juu yangu akaniangalia vile mtu anavyomwangalia ng'ombe aliyelala katikati ya barabara.

"Mama, toka. Ng'ombe iko na kiu."

Nikasema maneno ambayo mpaka leo watu wa bula ile, kijiji kile, wananisalimia nayo. "Mzee, ng'ombe wana siku yao. Mbuzi wana siku yao. Hata punda wameandikwa pale. Basi niandikeni mimi mbuzi, nijue siku yangu."

Alibaki ameshika fimbo kwa mikono miwili, kisha akageuka akaenda kukaa peke yake kando ya seng'enge. Aliyenitoa horini alikuwa Kaltuma, jirani yangu, ambaye alikuja mbio na viatu vyake mkononi, akanishika mkono, akamchukua mtoto. Nilirudi nyumbani na mtungi mtupu, watu wakiniangalia, na nyuma yangu nikasikia injini ikiwaka na maji yakianza kumwagika kwa ajili ya ng'ombe.

Kaltuma tumemzika mwaka huu. Nilipata habari nikachukua boda mpaka mtaa wa Wabera, kwa binti yake, nikakaa mkekani na wanawake wengine, na wasichana walikuwa wanapitisha chai na mahamri. Bibi mmoja wa bula yetu ya zamani, ambaye macho yamemwisha lakini masikio bado, alinitambua kwa sauti. Akawaambia wale wasichana, huyu ndiye mama wa hori. Wakajifunika midomo kwa shela wacheke, maana matangani hakuchekwi. Yule bibi akaongeza kwamba mpaka leo kule kisimani mitungi inatangulia, mnyama baadaye, na kwamba vijana wa siku hizi wanafikiri ilikuwa hivyo tangu injini ifike. Nikanywa chai yangu. Kaltuma angecheka kuliko wote, halafu angewarekebisha. Angewaambia kwamba siku ile horini mimi nilikuwa nimewakasirikia watu wasiohusika, na angekuwa na haki.

Sitaeleza nilikotoka, isipokuwa kwamba kwetu maji hupita mferejini mbele ya jikoni na mtu huyasikia akiwa kitandani. Ukitoka mahali kama hapo hujui kuyawaza maji. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne ndani ya mfuko wa nailoni chini ya sanduku la bati, mume mwalimu wa shule ya msingi, na mtoto wa miezi michache, tulipopelekwa kwenye bula ya upande wa Kulamawe mwishoni mwa miaka ya sabini. Nyumba ya mwalimu ilikuwa chumba kimoja cha mabati kilichogawanywa kwa gunia lililoning'inizwa. Upande mmoja kitanda, upande mwingine meza, jiko la mafuta, sufuria tatu na madaftari ya darasa la tano. Mchana mabati yalipiga kelele kwa joto. Chakula chetu kilikuwa githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na kwa sababu githeri hula maji kuliko mtu, nilijifunza haraka kupika ugali. Kaltuma, ambaye nyumba yake ya miti na mikeka ilikuwa hatua ishirini kutoka kwangu, ndiye aliyeniletea chai ya maziwa ya ngamia kwa mara ya kwanza, nikakunja pua kwa harufu ya moshi wa kibuyu, naye akaona. Kesho yake akaniletea tena. Siku ya tatu nikamaliza kikombe. Akaniambia, "Sasa umefika."

Kabla ya kisima maji yalitoka laga, ule mto mkavu nyuma ya maduka. Unachimba mchanga kwa bakuli mpaka unafika kiunoni, unasubiri chini pajae maji ya rangi ya chai, unachota kwa kikombe. Wakati wa ukame unachimba mpaka kichwa hakionekani, na mtu wa juu lazima akuangalie mchanga usikufunike. Kwa hiyo sitamsikiliza mtu yeyote anayesema misheni haikutufanyia kitu. Mashine ilipokuja na kuchimba usiku na mchana, na siku maji yalipotoka meupe na baridi, mimi nilikuwa pale, nililia, na Kaltuma alimwagia kichwa cha mtoto wangu maji kiganjani huku akisema bismillahi, nami nikasema amina. Waliweka injini, wakaweka tangi juu ya nguzo, wakajenga hori refu la simiti. Tangi lilikuwa na bomba moja tu, na bomba hilo lilimwaga horini.

Bruda Matia ndiye aliyesimamia kazi ile. Alikuwa mzungu mrefu mwenye kalamu nyuma ya sikio na Kiswahili cha kitabuni, na hakuwa mjinga. Hapo ndipo uchungu ulipo. Mtu mjinga ungemsamehe haraka. Alisema ameona mahali pengine misheni ikichimba kisima na kuweka sheria zake, watu wakapigana hapo mpaka kisima kikafungwa, na hapa hatafanya hivyo. "Sitaki kuleta sheria yangu," alisema. "Nataka ile yenu." Akaita wazee. Akaniita na mimi, kwa sababu alikuwa ameona mwandiko wangu kwenye rejista ya kliniki ya watoto, ambapo nilikuwa nasaidia siku za Jumanne.

Kile chumba cha misheni nakikumbuka kuliko vyumba vingi nilivyolala. Kilikuwa na meza ndefu, madirisha ya wavu, msalaba mdogo wa mbao ukutani na jagi la maji lililofunikwa kwa kitambaa cha kushonwa chenye shanga pembeni ili upepo usikiinue. Wazee walipoingia, kabla hata ya salamu kwisha, Bruda alimimina maji. Mzee Guyo alipewa kikombe cha kwanza, akanipitishia mimi kwa sababu nilikuwa nanyonyesha, kisha akapewa kingine akanywa. Hakuna aliyeuliza zamu ya nani. Nimelifikiria jagi lile miaka mingi. Mbuzi alikuwa amechinjwa na Mzee Guyo mwenyewe, ili Mwislamu na Mkristo wale sahani moja, na harufu ya wali na nyama ilikuwa inaingia kutoka jikoni wakati tunaandika. Bruda aliuliza kwa Kiswahili, Zakayo alirudia kwa Kiborana, maana alikuwa amekaa pale miaka na alikijua, na Mzee Guyo alijibu kwa kupanga vijiti vya kiberiti mezani. Kijiti cha ng'ombe. Anaruka nafasi mbili, kijiti cha ng'ombe tena. Mbuzi na kondoo hapa. Ngamia kule mbali, ngamia anavumilia. Punda na mbuzi. Ndama hawapangi foleni na wakubwa. Mgeni kutoka mbali anangoja mzunguko mmoja, lakini mnyama wake akianguka hangoji. Wazee wengine walimkatiza, wakabishana kuhusu ngamia, wakacheka, mmoja akaniambia niandike pia kwamba ngamia wa fulani ni mwizi wa zamu kama bwana wake. Niliandika yote isipokuwa hilo.

Nilikuwa nawaza mwandiko. Nisidanganye hapa. Nilikuwa nawaza kwamba kwa mara ya kwanza tangu nimalize shule mtu amenipa kazi ya kalamu, na nilitaka herufi zangu zisimame wima. Bruda aliuliza kama ni hayo yote, Mzee Guyo akaangalia vijiti vyake akasema ni hayo, mifugo yote imeisha. Tukala. Wiki iliyofuata niliyanakili yale yote kwenye ubao, kwa rangi iliyobaki ya ubao wa shule, kichwa cha habari kikiwa ORODHA YA ZAMU. Bruda aliusifu. Baadaye akaenda kuchimba kisima kingine mbali, na ufunguo wa injini ukabaki kwa kijana mmoja ambaye alifukuzwa kabla ya miezi miwili kwa kumfungulia rafiki yake mfanyabiashara siku isiyo yake. Akawekwa Zakayo, na Zakayo alikuwa ameona mwenzake akifukuzwa. Alikuwa mtu mwaminifu sana. Aliambiwa afuate orodha, akaifuata.

Orodha haikuwa na mtungi. Mwanzoni hatukujali. Tulikuwa tunainama kati ya miguu ya ng'ombe tunachota pale bomba linapomwagia, kabla pua hazijafika. Ukame ulipokaza mifugo ikawa mingi, ikaja kutoka mbali, wachungaji wakawa wakali, mwanamke mmoja akakanyagwa mguu. Zakayo akapiga marufuku kuchota wakati mnyama ananywa, kwa usalama wetu, alisema. Tuchote wakimaliza. Wakimaliza, hori lina mate, lina kinyesi cha mbuzi, lina nywele. Baadhi ya wanawake walirudi laga. Mimi nilichuja kwa kitambaa, nikachemsha, na mafuta ya taa yakiisha nikawasha kuni, na kuni zikiisha kuna siku sikuchemsha. Nasema wazi, kuna siku sikuchemsha. Kendi alianza kuhara. Dresa, mhudumu wa zahanati, mtu mpole, aliniambia nichemshe maji. Nikamwambia anioneshe maji. Mara ya pili macho ya mtoto yaliingia ndani, na ile sehemu laini ya utosini ikashuka kama alama ya kidole kwenye unga, nami sikungoja kuambiwa. Nilipanda lori la ng'ombe mpaka Isiolo.

Siku zile hospitalini nilikaa kwenye benchi nikiangalia chupa ya maji ikidondoka tone moja moja kuingia kichwani kwa mwanangu. Maji safi, yaliyoandikwa jina lake kwa kalamu kwenye plasta. Mama wa kitanda cha pili, wa kutoka Burat, aliniuliza mtoto amepatwa na nini, nikamwambia, anangoja ng'ombe wamalize. Alidhani nimechanganyikiwa. Nilipotoka, nikarudi, nikapanga foleni, nikakaa horini. Hayo nimeshasema.

Mchana ule ule, nikiwa bado nanuka hori, niliandika barua ya kwanza. Iliandikwa kwa hasira na ilikuwa nzuri, nasema hivyo kama mtu aliyepata alama za juu za insha. Niliwashtaki wazee wa pale kwamba wanathamini ng'ombe kuliko mtoto. Nilimtaja Mzee Guyo kwa jina. Niliandika kwamba mila za watu hawa zimepitwa na wakati na misheni imekosea kuzisikiliza. Mume wangu aliporudi kutoka darasani alisoma amesimama, mkono mmoja ukiwa bado na chaki, kisha akaenda upande wa pili wa gunia. Nilimsikia akivua viatu. Akasema kutoka huko kwamba nyumba hii ni ya misheni, shule ni ya misheni, na kalamu ninayoandikia amepewa na misheni.

"Wakitutoa hapa tutalala wapi, Mama Kendi? Kwa Mzee Guyo?"

Nikamwambia mtoto akifa tutakuwa na nafasi ya kutosha popote. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri kumwambia vile, lakini nilimwambia, na baada ya muda alitoka akaketi, akaanza kusahihisha madaftari, akanisogezea bahasha bila kuniangalia.

Barua ile sikuituma kwa sababu ya Kaltuma. Alikuja kumuona mtoto, na nyirinyiri kidogo kwenye kikombe cha bati, nyama yake iliyokaangwa ikazamishwa kwenye samli. Akakaa kwenye kitanda chetu, akaniambia nimsomee nilichoandika. Alikuwa hajui kusoma, na alikuwa na tabia ya kusikiliza barua akiwa amefumba macho. Nilisoma mpaka mwisho. Akafumbua macho.

"Umemshtaki Guyo."

"Nimemshtaki. Si ndiye baba wa zamu?"

"Guyo hajui kusoma. Umemshtaki mtu asiyejua kusoma kwa makosa ya karatasi." Halafu, bila ukali, akala kipande kimoja cha nyirinyiri yake mwenyewe. "Na karatasi aliandika nani?"

Kaltuma hakungoja jibu. Alinieleza kisima cha zamani, kile cha kwao, kirefu, wanaume wamesimama ndani wamepangana kama ngazi, ndoo za ngozi zinapanda mkono kwa mkono, wanaimba ili mikono isichoke. Maji yanafika juu yanamwagwa horini kwa ng'ombe wa siku hiyo. Mwanamke anakuja na chombo chake. Hasemi kitu. Anasimama tu pale karibu. Yule mwanaume wa juu kabisa, ndoo inayofuata haimwagi horini, anaigeuzia chombo cha yule mwanamke mpaka kijae, kisha anaendelea kuimba. Hata akiwa mke wa adui yake. Hata akiwa mpita njia asiye na mbuzi mmoja. Ni mnyama anayepangiwa zamu, alisema Kaltuma, kwa sababu mnyama ana mwenyewe na wenyewe hugombana. Mtu hapangiwi, kwa sababu hakuna anayeweza kumnyima. "Lakini injini haina mkono," alisema. "Unasimama karibu na injini mpaka jioni, haikuoni."

Nikamuuliza kwa nini basi wao wanawake walinyamaza. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kitu ambacho naye alikuwa hajakiuliza. Akasema wao walidhani ni sheria ya misheni, kwa kuwa imeandikwa. Wazee nao walidhani hivyo hivyo, kwamba wazungu wana njia yao ya kuwapa watu maji na itakuja, labda bomba jingine, labda lori. Na misheni ilidhani ni mila yetu. Mimi nikaongeza moyoni kwamba Zakayo alidhani ni ubao, na ubao ulikuwa mwandiko wangu. Sote tulikuwa tumeheshimiana mpaka mtoto akafika hospitali.

Kesho yake asubuhi nilienda kwa Mzee Guyo. Alikuwa amekaa nje akisokota kamba ya ngozi, akanionesha kigoda bila kuacha kazi. Nilimsalimu, nikaanza kuomba radhi kwa yale ya horini, akanikatiza. Alisema maneno yale, niandikeni mimi mbuzi, yamekaa hapa, akagusa kifua kwa ncha ya kisu chake. Kisha akauliza kwa karatasi mtu iko wapi. Nikamwambia hayuko. Akauliza nani alimtoa. Nikamwambia hakuna aliyemtoa, hakuwekwa.

"Wewe uliandika. Mbona hukuuliza?"

"Mzee, nawe ulisema. Mbona hukutaja?"

Aliendelea kusokota kamba. Nilifikiri amekasirika, na nilikuwa tayari kwa hilo, nilikuwa nimejiandaa njiani. Mwishowe akasema, "Mgeni akikuja, unaambia yeye jua inatoka asubuhi?"

Nimekutana na watu wengi tangu wakati ule wanaokuja na karatasi kuuliza watu mila yao. Wengine ni wema kuliko Bruda Matia, wengine si wema. Binti yangu Kendi, yule wa plasta kichwani, sasa naye anafanya kazi ya kubeba karatasi hizo, anazunguka vijijini na maswali yake, na kila akipita kwangu namwambia jambo moja: wakimaliza kukuambia, uliza ni nini hawajakuambia kwa sababu kila mtu anakijua. Ananijibu, Mama, nalo hilo lina fomu yake. Sina uhakika.

Barua ya pili niliiandika kwa Kiswahili na si kwa Kiingereza, ingawa ofisi ingeiheshimu zaidi kwa Kiingereza, ili niweze kuwasomea wanawake na wabishane nayo. Walibishana. Waliondoa maneno mawili ya matusi na kuongeza moja. Tuliweka vidole vya wino mezani kwangu, upande wa madaftari, kutoka kidau cha muhuri wa shule ambacho mume wangu alikiacha wazi akatoka nje. Mzee Guyo alikuja bila kuitwa. Wanawake walimpisha aweke kidole juu kabisa, akakataa. Akasema yeye ni mwenye zamu, na mwenye zamu hunywa mwisho. Zakayo hakuweka kidole, lakini ndiye aliyeibeba barua mpaka Isiolo, ndani ya Biblia yake isikunjike, na akaikabidhi kwa mkono, huku akijua inamhusu. Nakala niliyobaki nayo ndiyo hii.

*

Kwa Msimamizi wa Maendeleo,
Ofisi ya Misheni,
Isiolo.

Nakala: Bwana D.O.
Nakala: Chifu.

KUH: MALALAMIKO JUU YA ORODHA YA ZAMU KISIMANI

Bwana,

Sisi tuliotia vidole hapa chini ni wakaaji wa bula mliyotuchimbia kisima. Tunashukuru kwa kisima. Barua hii si ya kukosa shukrani, na atakayesema hivyo hajaisoma.

Tunalalamika kwamba katika orodha ya zamu iliyofungwa kwenye seng'enge wameandikwa ng'ombe, mbuzi, kondoo, ngamia na punda, na hakuandikwa mtu. Kwa sababu hiyo mlinzi wa injini, ambaye hana kosa, hutunyima maji safi mpaka mifugo imalize, na baada ya hapo tunachota horini maji ambayo mifugo imenywea na kunya. Watoto wetu wanahara. Mmoja alilazwa hospitali ya Isiolo. Kadi yake tutaionesha mkitaka.

Tunawajulisha kwamba hii si mila ya hapa. Mlituuliza mila, wazee wakawaambia zamu za wanyama, na hayo ni kweli. Hawakuwaambia juu ya watu kwa sababu haikuwapitia akilini kwamba kuna mahali mtu hungoja mnyama. Mliandika kila walichosema. Walichoacha kusema ndicho kikubwa.

Tunaomba tangi litolewe bomba la pili, nje ya seng'enge, mbali na hori, na lifunguliwe kila siku kabla injini haijamwagia mnyama yeyote, kwa kila mwenye mtungi, awe wa hapa au mpita njia, Mkristo au Mwislamu, mwenye mifugo au asiye nayo. Mpaka hapo mlinzi apewe ruhusa kwa maandishi ya kutujazia kwanza, ili asifukuzwe kwa kutenda haki.

Msituongeze kwenye orodha. Hatuombi zamu. Tunaomba kile kilichokuwepo kabla ya zamu.

Aliyeandika orodha ile ni mimi. Nilikuwepo chumbani, nilipewa maji nikanywa kabla ya mzee, na sikuuliza. Kwa hiyo malalamiko haya yananihusu pia, na ubao nimeuteremsha kwa mkono wangu leo asubuhi. Uko nyumbani kwangu. Mkiutaka, njooni muuchukue, tutawapa maji.

Wenu,

(Vidole vya wanawake kumi na wanne, wa kwanza Kaltuma)

(Kidole cha Mzee Guyo, aba herega, ambaye ameomba kuwa wa mwisho)

Mama Kendi,
mwandishi wa orodha na wa barua hii.